Askari wa mwili dhidi ya saratani: lipi kweli, lipi uzushi?

Ujumbe wenyewe bila shaka umekufikia. Umezunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, umesimuliwa ndani ya basi kabla halijafika njia panda ya Nyakanazi, umerudiwa na wauguzaji waliokaa kwenye nyasi nje ya wodi: wataalamu wa Marekani wanachukua chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe, wanazikuza, wanamrudishia, na saratani iliyoshindikana kwa kisu, kemo na mionzi inayeyuka. Majibu huja ya kila aina. Mmoja anasema ni uongo mtupu. Mwingine anasema ni kweli, ila wanaificha. Wa tatu ana namba ya simu ya mtu anayeiuza.

Kwa mtu wa Ngara au Biharamulo mwenye mgonjwa ndani, haya si mazungumzo ya kupitisha muda. Kwa sababu ya ujumbe kama huu ng'ombe huuzwa na shamba la migomba huwekwa rehani. Basi tuyachukue madai haya moja moja, tuyapime.

"Mwili wenyewe hauna uwezo wa kupambana na saratani"

Si kweli, na Kagera ina haki ya kulisema hili kwa sauti kuliko mikoa mingi. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huu. Watu wakauita ugonjwa huo Juliana, kabla ya semina na mabango. Pamoja na kukonda na kuharisha, madaktari waliona jambo jingine: mabaka meusi au ya zambarau kwenye ngozi na kwenye kaakaa, miguu iliyovimba na kukakamaa. Hiyo ilikuwa saratani ya Kaposi. Ukanda huu uliijua tangu zamani, hasa kwa wanaume watu wazima, na mara nyingi ilikwenda polepole. Askari wa mwili walipoporomoka kwa VVU, ikageuka kali na kuwavamia hata vijana.

Kisha zikaja ARV, zikaanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. ARV haziui seli ya saratani. Zinachofanya ni kumzuia kirusi asizaliane, CD4, yaani askari wa mwili anaowashambulia, zikapata nafasi ya kupanda. Hata hivyo wagonjwa wengi wenye Kaposi ya hatua za mwanzo waliona mabaka yakififia na hata kuisha, wengine bila kuwekewa drip moja ya kemo. Nani aliyaondoa? Askari waliorudi kazini. Ushahidi huu haukutoka kwenye panya wa maabara ya ng'ambo, ulionekana kwenye miguu ya watu tunaowafahamu.

Majirani zetu nao wana ushahidi wa zamani zaidi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto unaoitwa kwa jina lake hadi leo. Miaka ya 1960 madaktari wa Uganda na Kenya waliona baadhi ya watoto wakipona moja kwa moja kwa dozi moja au mbili tu za dawa. Dozi ndogo namna ile haikutosha kumaliza kila seli mbaya, nao wakashuku kwamba kinga ya mtoto ndiyo iliyomalizia kazi.

"Kuna tiba ya kuwachukua askari wa mgonjwa, kuwakuza na kumrudishia"

Kweli tupu. Sehemu hii ya ujumbe haina chumvi.

Ndani ya uvimbe wa saratani mara nyingi hukutwa chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T, zilizokwisha kumtambua adui lakini zikazidiwa. Steven Rosenberg na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walitangaza mwaka 1988 kwamba wamezitoa seli hizo kwenye uvimbe, wakazikuza maabara na kuwarudishia wagonjwa wa melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Baadhi ya vimbe zikasinyaa. Ilichukua zaidi ya miaka 35 ya majaribio hadi Februari 2024, Marekani ilipoidhinisha tiba ya kwanza ya aina hiyo kwa saratani ya uvimbe, iitwayo lifileuseli, kwa wenye melanoma iliyosambaa na kushinda dawa nyingine.

Kazi yenyewe huenda hivi. Daktari wa upasuaji anakata kipande cha uvimbe. Kipande kinasafirishwa kwa ubaridi hadi maabara, na huko seli T zinalishwa na kuzidishwa kwa wiki kama tatu, mpaka zifike kati ya bilioni 7.5 na bilioni 72. Mgonjwa analazwa, anapewa kemo kali ya siku kadhaa ili kusafisha nafasi katika damu na uloto. Ndipo mfuko wa seli zake unatundikwa kama drip, mara moja tu. Baada ya hapo anapewa dawa ya kuwachochea askari wapya, na dawa hiyo huleta homa, kutetemeka na shinikizo la damu kushuka, hivyo wodi lazima iwe karibu na chumba cha wagonjwa mahututi. Wapo waliofariki kwa tiba yenyewe, si kwa saratani. Mwuzaji wa kwenye simu hilo halitaji.

Njia ya pili ni kuchukua seli T kutoka kwenye damu na kuzipandikizia kitambuzi kipya ili zimwone adui. Agosti 2024 Marekani iliidhinisha tiba ya namna hiyo kwa aina moja adimu ya saratani ya tishu laini, kwa wagonjwa wenye aina fulani tu ya alama za kurithi kwenye seli zao. Mfuko ulioandaliwa kwa mama mmoja hauwezi kutundikiwa jirani yake mwenye ugonjwa uleule.

"Inaponya saratani yoyote, hata iliyosambaa mwili mzima"

Si kweli. Hapa ndipo watu wengi wanapoumizwa, kwa hiyo tukae kidogo na takwimu.

Lifileuseli ilipoidhinishwa, matokeo yaliyotazamwa yalikuwa ya wagonjwa 73. Vimbe zilipungua kwa kiwango cha maana kwa kama asilimia 31 yao. Maana yake, kati ya watu kumi, saba hawakupata nafuu hiyo. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2022 uliwagawa wagonjwa 168 wa melanoma katika makundi mawili: waliopewa seli zao walikaa miezi 7.2 kwa wastani wa kati kabla ugonjwa haujasonga mbele, na waliopewa dawa ya kawaida ya kuamsha kinga walikaa miezi 3.1. Tofauti hiyo ni kubwa na ya kweli, na kwa baadhi yao ni miaka ya uhai. Bado si dawa ya kuwaponya wote.

Nayo melanoma ndiyo iliyo rahisi kidogo. Kwa saratani ya tumbo iliyoshinda dawa nyingine, utafiti wa China wa mwaka 2025 wenye wagonjwa 156 ulionyesha seli zilizopandikizwa kitambuzi zikisukuma mbele muda wa ugonjwa kutulia kutoka miezi 1.77 hadi miezi 3.25. Kwa saratani ya utumbo mpana, kundi la Rosenberg lilitoa taarifa mwaka 2024 ya wagonjwa saba waliotengenezewa seli kila mmoja kwa kipimo chake: watatu vimbe zao zilipungua, kwa miezi minne hadi saba.

Labda umesikia habari za Judy Perkins, Mmarekani mwenye saratani ya titi iliyosambaa, ambaye vimbe zake ziliisha baada ya kurudishiwa seli zake mwenyewe. Habari hiyo ni ya kweli, ilichapishwa mwaka 2018. Lakini mtu mmoja aliyepona anathibitisha kwamba jambo linawezekana, hathibitishi kwamba litakutokea wewe.

Kwa nini saratani za uvimbe ni ngumu hivi, ilhali kwa saratani za damu tiba za seli zimefika mbali tangu 2017? Seli mbaya ikiwa ndani ya damu, askari anakutana nayo njiani. Uvimbe umejizungushia nyama ngumu na mishipa mibovu, unatoa kemikali za kuwalegeza askari wanaoingia, na seli zake hazifanani: unaua zile zenye alama unayoijua, zisizo nayo zinabaki na kuota upya. Tena alama nyingi za uvimbe zipo pia kwenye moyo, mapafu au ini lenye afya, na askari aliyeelekezwa vibaya anaweza kuua kiungo kizima.

"Uvimbe ukiguswa na kisu au sindano, saratani inasambaa"

Si kweli, na dai hili linaua watu vijijini. Seli kusambaa kwa njia ya sindano ya kipimo ni jambo nadra sana, nayo hospitali zina taratibu za kulizuia.

Wanaoamini hivi hawakulitoa hewani. Wameona kwa macho yao: mama ana uvimbe wa titi, anakaa nao mwaka mzima, unapasuka, ndipo anapelekwa hospitali ya Murgwanza au Rulenge, anachukuliwa kinyama cha kupimwa, na miezi miwili baadaye anazikwa. Kisu ndicho walichokiona mwisho, kwa hiyo lawama inakiangukia. Saratani ilikuwa imekwisha kusambaa siku nyingi. Kilichomuua ni ule mwaka.

Bila kinyama hakuna jina la ugonjwa, na bila jina hakuna tiba, iwe kemo ya kawaida au hizi seli za Marekani ambazo zenyewe huanza kwa kukata uvimbe. Mgonjwa wa Biharamulo akipewa rufaa ya Bugando, Mwanza, atakuta idara ya saratani yenye kemo na mionzi. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa ule usumbufu wa kungoja kivuko mgonjwa akiwa kwenye kiti cha nyuma. Kilomita tatu za daraja zimewasaidia wagonjwa wa saratani wa Kanda ya Ziwa kuliko jumbe elfu za WhatsApp.

"Melanoma ni ugonjwa wa wazungu, sisi hautuhusu"

Si kweli. Kwa weupe hutokea zaidi kwenye ngozi iliyochomwa na jua, na kwa kweli huwapata wao mara nyingi zaidi. Kwa watu weusi hupenda sehemu zisizo na rangi nyingi: unyayo, kiganja, chini ya kucha. Bob Marley aligundulika nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Fikiria nyayo za mtu anayelima pekupeku kwenye milima ya Ngara. Zina nyufa, zina udongo mwekundu ulioingia ndani, zina makovu ya jembe na miiba. Doa jeusi linaloota polepole pale karibu na kisigino, nani atalishangaa? Mtu anadhani ni funza wa zamani, au damu iliyovilia. Kwa hiyo ioshe miguu ya mzee kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke, kisha ukae naye juani uitazame. Doa lisilotoka kwa kusugua, lenye kingo zisizo sawa, linalopanuka, au kidonda cha unyayo kisichopona kwa wiki nyingi: hapo ni kituo cha afya, si kijiwe cha dawa. Wenzetu wenye ualbino wao hupata zaidi saratani nyingine za ngozi, usoni, masikioni na shingoni, na hizo zikiwahiwa hukatwa zikaisha.

"Vidonge vya seli shina na vya kuongeza kinga vinafanya kazi ileile"

Si kweli hata kidogo. Kidonge kinameng'enywa tumboni kama ugali; hakuna seli hai inayofika kwenye damu kwa njia hiyo. Wanaokwenda nyumba kwa nyumba na maboksi hayo wamekopa lugha ya tiba halisi na kuibandika kwenye unga.

Hata fikra yenyewe ya "kuongeza" kinga ina kasoro. Mwenye saratani mara nyingi ana askari wa kutosha. Kilichokosekana ni wao kumtambua adui, au kuachiwa huru wampige. James Allison na Tasuku Honjo walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2018 kwa kugundua breki zinazowazuia askari hao, ugunduzi ambao ulizaa dawa za kuziachia. Hakuna mchuzi wala juisi inayofanya hivyo.

Ila bibi aliyesisitiza uji wa maziwa, maharage na samaki kwa mgonjwa alikuwa sahihi kabisa, na wanaomkataza mgonjwa asile sukari wala nyama "kwa sababu vinalisha kansa" wanamdhoofisha bure. Mgonjwa aliyekonda sana huahirishiwa hata kemo ya kawaida.

"Kwenye miti kuna dawa ya saratani"

Kweli, na wazee wapewe haki yao. Ua la vinka, lile la waridi au jeupe linalopandwa mbele ya nyumba nyingi, ndilo chanzo cha vinkristini na vinblastini. Watafiti wa Canada waliuchunguza mmea huo miaka ya 1950 kwa sababu waganga wa jadi waliutumia kwa kisukari. Wakakuta unashusha chembe nyeupe za damu, wakageukia saratani. Vinkristini imewatibu watoto wenye uvimbe wa Burkitt na wagonjwa wa Kaposi humu Afrika Mashariki kwa miongo mingi.

Lakini usichemshe vinka ya uani. Dozi ya vinkristini inapimwa kwa miligramu chache na kupitishwa kwenye mshipa peke yake, kwa sababu ikikosewa inapooza neva na kuua.

Nacho kikombe cha Loliondo? Mwaka 2011 watu wa Kanda ya Ziwa walikuwa kwenye msafara ule wa magari hadi Samunge, kwa Mchungaji Ambilikile Masapila, kikombe shilingi 500. Hakuna ushahidi wa kitabibu uliowahi kuonyesha uvimbe wa saratani ukipungua kwa kikombe kile, na wapo walioacha dawa zao baada ya kukinywa. Mti kuwa na dawa ndani yake ni jambo moja. Mti huo kuwa umepimwa, dozi ikajulikana na matokeo yakahesabiwa, ni jambo jingine.

"Wanayo, ila wanaificha"

Si kweli. Matokeo yote niliyoyataja yamechapishwa wazi, mabaya na mazuri. Kinachotuzuia ni bei, na bei hainifurahishi hata kidogo: lifileuseli ilitangazwa kwa dola 515,000 kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya shilingi bilioni moja na milioni mia mbili, mbali na gharama za hospitali. Haitolewi Bugando wala katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

"Nenda India, wanayo kwa bei nafuu"

Nusu kweli. Oktoba 2023 India iliidhinisha tiba yake ya seli, NexCAR19, kwa bei ambayo ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya tiba za aina hiyo Marekani. Lakini hiyo ni ya aina fulani za saratani za damu. Mwenye saratani ya koo la chakula, ini, titi au tezi dume haimhusu.

Kabla hujatuma senti kwa yeyote anayekuahidi seli za kinga, muulize mambo matatu. Tiba hii imeidhinishwa na nchi gani, kwa saratani ipi hasa? Kama ni utafiti, umesajiliwa wapi, na kama unafanyika Tanzania, vibali vya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, viko wapi? Na mbona unanitoza? Katika utafiti wa kweli, kwa kawaida mgonjwa hauziwi dawa inayojaribiwa. Akikasirika kwa kuulizwa, jibu umelipata.

"Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inawafanya wasichana wasizae"

Si kweli, na ushahidi uko ng'ambo ya daraja la Rusumo. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wake nchi nzima mwaka 2011. Waliochanjwa wakati ule leo wana miaka 25 na zaidi, wanazaa na kunyonyesha kama wenzao. Huko Sweden, utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha waliochanjwa kabla ya miaka 17 walipungukiwa na hatari ya saratani hii kwa asilimia 88.

Ninaiweka kwenye mjadala huu kwa makusudi. Chanjo hii nayo ni tiba ya kinga: inawafundisha askari wa mwili kumtambua kirusi cha HPV kabla hajaleta saratani. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Mama zao wana kipimo cha siki: muuguzi anaipaka kwenye mlango wa kizazi, anatazama, na madoa ya mwanzo yanaweza kutibiwa palepale kliniki. Kwa mwenye VVU kipimo hiki ni cha lazima zaidi, maana hatari yake ya saratani hii ni kama mara sita ya mwingine.

"Ukiambiwa imefika mwisho, hakuna tena cha kufanya"

Si kweli. Daktari anaposema saratani haitapona, hasemi maumivu nayo hayatibiki. Mofini ya maji ni dawa ya bei ndogo, hunywewa kila baada ya saa nne, na ikipimwa vizuri haimfanyi mgonjwa wa saratani kuwa teja wala haiharakishi kifo. Huhitaji kuuza ng'ombe ili kuipata, ila inatolewa na hospitali zenye kibali tu, na mara nyingi familia haipewi kwa sababu haikujua kuna kitu cha kuulizia. Iulizie kwa jina lake. Ukiambiwa hapa hatunayo, uliza ni hospitali ipi ya karibu inayo, na uandikiwe rufaa siku hiyohiyo.